Ng'ombe wa Dada na Jiwe la Mpaka

Dada yangu hasemi "nipe chumvi". Husema, "Naomba chumvi," na akishapewa husema, "Asante sana," kana kwamba amegawiwa shamba. Mimi nimetoka naye tumbo moja. Tumechunga mbuzi wale wale kwenye vilima vya nje ya Kehancha na tumechapwa fimbo ile ile, kwa hiyo najua vizuri kwamba hakuzaliwa na hiyo naomba yake. Aliipata ng'ambo. Aliolewa upande wa Tanzania, si mbali, maana ukisimama nyuma ya zizi la kaka asubuhi unaona bati la nyumba yake liking'aa. Baada ya mwaka mmoja tu wa ndoa alikuja kututembelea na Kiswahili kipya, akawa anakitembeza uwanjani kama mtu aliyetia meno ya dhahabu.

Sisi Wakuria tuko pande zote mbili za mpaka, na tukiwa peke yetu tunasema Kikuria. Lakini mimi niliolewa Kosele, kule Homa Bay, na mwalimu Mjaluo. Watoto wangu wamenyonya Kijaluo, na Kikuria wanachojua ni salamu na matusi mawili waliyofundishwa na mjomba wao. Ndiyo maana tukikusanyika kwa kaka mwisho wa mwaka, lugha ya uwanja huwa Kiswahili, na hapo dada ndiye malkia. Watoto wake humwendea mama mmoja mmoja, "Shikamoo bibi," na mama, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, hujibu "Marahaba" kwa sauti ya madaha ambayo sijui huitoa wapi. Wangu husema, "Sasa, nyanya?" Mama huwatazama kama kuku walioingia jikoni.

Nilikuwa naona wivu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta.

Wivu wenyewe haukuanzia kwenye Kiswahili. Ulianzia zizini. Kwetu ng'ombe wanaotolewa kwa ajili ya binti ndio wanaotoka tena kumwolea kaka yake mke. Dada aliolewa kwanza. Ng'ombe wake walikuja kwa miguu kutoka ng'ambo, wakati ambapo hakuna aliyeuliza ng'ombe ni raia wa wapi, na kabla hawajazoea harufu ya zizi letu wakaondoka tena kwenda kumwolea kaka. Wifi yangu basi ni mke wa ng'ombe wa dada. Ndivyo tunavyosema, na si matusi. Dada akiingia pale, wifi huacha alichoshika. Humpokea mzigo kwa mikono miwili, humwekea kiti kivulini, chai ya kwanza ni yake, na binti wa kwanza wa nyumba ile alipewa jina lake. Mimi nikiingia, wifi hunisalimia vizuri, hana ubaya, kisha huendelea kupepeta.

Nilipoolewa mimi, baba alikuwa mgonjwa. Ng'ombe wa mwalimu waliuzwa mmoja mmoja, wakaisha kwenye dawa, na baba naye akaisha. Sikusikitika kuwatoa, baba alikuwa baba yangu. Lakini hakuna nyumba iliyosimama juu ya ng'ombe wangu, na kaburi halikupokei na chai.

Nilichokuwa nacho mimi ni njia ya kurudi. Mimi na mwalimu hugombana. Yeye ni Msabato, mpole, haoni haja ya kujibu, na mtu asiyejibu hunitia wazimu. Ikinizidia nafunga mzigo, nashuka Migori, naunganisha hadi Kehancha, na mama hunipikia uji wa wimbi, akaumimina kwenye kikombe cha bati chenye ua jekundu. Hunisema mpaka ninachoka kusemwa, kisha narudi Kosele na maisha yanaendelea. Nilidhani kila binti duniani anacho kikombe chake kwa mama yake. Sikukihesabu kuwa kitu.

Ugomvi wa nchi zetu ulikuwa ukifika kwetu kupitia kwa wanaume wawili, mwalimu wangu na shemeji, mume wa dada. Walikuwa wakikaa na nyama ya mbuzi katikati yao, kila mmoja waziri wa mambo ya nje asiye na mshahara. Mwaka ule ng'ombe waliovuka kutoka Kenya kutafuta majani walipokamatwa na kupigwa mnada, mwalimu alisema huo si ujirani, ni wizi wenye muhuri. Shemeji akamjibu kwa upole, "Naomba nikusahihishe, shemeji. Nchi yetu si uwanja wa malisho." Mwaka mwingine ikawa serikali yetu ndiyo imezuia mahindi yao yasije yakatulisha sumu ya kuvu, na shemeji akauliza kama hiyo sumu huanza kuota inapofika mpakani Isebania, maana wao wanakula na hawafi. Mwalimu alikuwa na majibu. Alisoma magazeti, alijua mikataba ya Jumuiya, na serikali aliyokuwa akiitetea ilikuwa haijawahi kumpa hata mbegu.

Mimi nilikuwa upande wa Kenya, tena kwa moto. Nilipiga makofi kila mwalimu alipofunga bao. Watu walidhani ni uzalendo. Lo, uzalendo gani. Dada angekuwa ameolewa Nyeri ningeichukia Nyeri.

Shemeji mwenyewe nilimwonea wivu pia, niseme ukweli. Mrefu, msafi, mwenye maneno laini. Hamwiti dada kwa jina mbele ya watu, humwita "mama". Mara moja dada aliniletea leso kutoka kwao, imeandikwa maneno ya kumwambia mtu aache kumtazama mwenzake na atazame sufuria yake. Alisema alipenda rangi. Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, na hadi leo haijawahi kugusa kiuno changu.

Kisha ukaja mwaka wa barakoa.

Serikali zetu hazikuelewana hata juu ya ugonjwa. Yetu iliwapima madereva wa malori mpakani na kuwarudisha waliokutwa nao, yao ikasema inaonewa na kuwazuia wa kwetu, yetu ikajibu, yao ikajibu. Malori yakalala Isebania na Sirari mpaka vitunguu vikaota ndani ya magunia. Vijia vya panya vikaanza kulindwa. Nilipata habari hizo nikiwa kwenye cherehani yangu pale sokoni Kosele, maana mimi ni fundi wa nguo. Nikasimamisha mguu. Watu husema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Siku ile mimi nilikuwa nyasi iliyofurahi.

Nilifurahi kwa sababu moja. Binti wa kaka, yule mwenye jina la dada, alikuwa ameposwa na kijana wa Ntimaru, na ng'ombe wake walikuwa wanakaribia kuletwa. Katika ukoo wetu ng'ombe wa mahari hawaingii zizini hivi hivi. Shangazi ambaye ng'ombe wake walimleta mama wa bibi harusi ndiye husimama mlangoni mwa zizi, akampaka siagi kwenye kipaji ng'ombe wa mbele na kusema, "Wameingia." Asipofanya hivyo, husemwa wamelala tu, hawajaingia. Ndoa ya ng'ombe waliolala haina mguu. Mume akimfukuza mke, hakuna wa kusimama kumdai.

Mama alinipigia simu. Hakuzunguka. Alisema dada yako hawezi kuvuka, wale wa Ntimaru hawawezi kungoja, utasimama wewe.

Kufa kufaana. Niliuza siku hiyo kwa tabasamu mpaka wateja wakauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikajishonea gauni. Nilichukua kitenge cha manjano na zambarau nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mteja mmoja mwenye kiburi, nikakata mabega ya juu, nikatia marinda chini, na kitambaa kilichobaki nikakifanya kilemba na barakoa. Mwalimu aliniangalia nikijipima mbele ya kioo. "Yawa," akasema, "unaenda kupokea ng'ombe ama unaenda kuapishwa?" Nikamwambia yote mawili.

Siku yenyewe tulikuwa wachache uwanjani kwa kaka, kwa ajili ya ugonjwa. Wazee wa Ntimaru walisimama mbali mbali na barakoa zao zikiwa kidevuni, na ng'ombe walikuwa wazuri, sitawanyima sifa, weusi na wekundu, wa mbele jike mwenye baka jeupe usoni. Nilichukua bakuli la siagi, nikaenda kusimama mlangoni mwa zizi. Nilikuwa nimengojea mahali pale tangu wifi alipoingia kwetu akiwa msichana, na zaidi tangu nilipopata kidonda cha kuolewa bila faida. Jua lilinipiga kwenye kilemba. Nikajiona.

Wifi akaja taratibu kutoka jikoni. Alifuta mikono kwenye nguo yake, akasimama karibu yangu, akanong'ona ili wageni wasisikie.

"Wifi, usinichukie. Mimi sikuja hapa kwa mkono wako."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikutukana unamtukana. Huyu alikuwa anamwogopea binti yake. Alisema ndoa ya mtoto wake ikija kuyumba kesho, watasema ng'ombe walipakwa na mtu asiyehusika. Mzee mmoja wa Ntimaru aliyekuwa ametega sikio akakohoa na kusema mama wa binti hajakosea. Nikasimama na bakuli langu. Gauni likaanza kuniwasha mgongoni.

Kaka akampigia dada. Wakazungumza, simu ikapewa mama, mama akasikiliza, kisha akatangaza kwamba ng'ombe watapelekwa kwenye jiwe. Dada atakuja upande wake, atanyoosha mkono, ampake yule wa mbele, basi. Hakuna atakayevuka kwenda popote. Mpaka wetu pale si ukuta wala waya. Ni mawe ya saruji yaliyosimamishwa mbali mbali mashambani, tunayaita bikoni, na moja liko mwisho wa shamba la tumbaku la jirani wa kaka, ambapo watoto hukaushia nguo. Tukaondoka wote, ng'ombe mbele, wazee nyuma yao, mwalimu akimweleza mtu fulani kwamba kisheria mkono si mtu. Na mimi nikabeba bakuli. Hakuna aliyeniambia nilibebe, na hakuna aliyeniambia niliweke chini.

Dada alikuwa ameshafika. Alisimama upande wake na kanga ya kawaida na kandambili, kama mtu aliyeitwa kutoka shambani, na shemeji nyuma yake na fimbo. Nilitaka kuona kama gauni langu limemwingia. Alilitazama, akasema, "Umependeza, mdogo wangu," akanyoosha mkono kupokea siagi. Nikampitishia bakuli juu ya jiwe. Hapo ndipo nilipomwona vizuri, kwa sababu ya barakoa nilibaki na macho yake tu, na macho yake yalikuwa yamechoka. Sikuuliza. Nilikuwa na hasira zangu.

Akampaka siagi yule mwenye baka jeupe, akasema, "Wameingia." Wifi akashusha pumzi. Sasa ng'ombe, sijui nani aliyewahi kuwaeleza ng'ombe mambo ya mataifa. Upande wetu palikuwa na mashina makavu ya tumbaku. Upande wa pili mvua ilikuwa imenyesha, majani yamefika magotini. Yule jike alimlamba dada mkono, akapita kando ya jiwe, akainamisha kichwa kula. Wa pili akamfuata, na wa tatu, na kabla vijana hawajazunguka kuwazuia, mahari yote ya binti wa kaka ilikuwa Tanzania inakula.

Watu walicheka. Hata wazee wa Ntimaru walicheka. Kisha tukasikia pikipiki, wakatokea askari wawili wa upande ule waliokuwa wakizungukia mpaka, na kicheko kikakatika.

Yule mkubwa hakupiga kelele. Alisalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema mifugo kutoka nchi jirani hairuhusiwi kuvuka, wakati huu hasa, na ikikutwa inakamatwa, na tunajua inakopelekwa. Tulijua. Sote tuliukumbuka ule mnada. Mwalimu akajitokeza. Ninampenda mume wangu, lakini siku hiyo ningemziba mdomo kwa siagi. Alianza na Jumuiya ya Afrika Mashariki, akapita kwenye uhuru wa bidhaa kwenda na kurudi, na alipofika kwenye kusema kwamba nchi yao ina desturi ya kuonea mifugo isiyo na hatia, askari alishamtazama mwenzake. Wakaanza kuwakusanya ng'ombe.

Wifi alikaa chini kwenye udongo. Ng'ombe wakienda, posa imekwenda. Wa Ntimaru hawakuwa na zizi la pili la kutoa, na tumbo la binti lilikuwa limeshaanza kuonekana.

Hapo dada akasema, "Afande, samahani. Hawa ng'ombe ni wangu."

Askari akamtazama na kanga yake.

"Ni wako, mama?"

"Ni wangu. Nakaa pale, lile bati unaliona. Walivuka kwenda huko, ndugu zangu wamenirudishia."

Mama alitazama chini. Askari hakuwa mjinga. Aliona wazee, aliona siagi, alijua kuna jambo. Akasema basi huyo ndugu aliyewarudisha aseme mwenyewe. Akatupitisha macho mmoja mmoja upande wetu, kaka na suruali yake ya kazi, mama, wazee, mwalimu, na macho yake yakatua kwenye manjano na zambarau.

"Wewe mama uliyependeza. Unaonekana ndiye mkubwa wa shughuli. Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Nilikuwa nimelishona gauni lile ili nionekane. Basi nimeonekana.

Sitasema nilifikiria binti wala tumbo lake. Nilifikiria kwamba duniani kuna watu wengi wanaoweza kuulizwa swali hilo, na nimeulizwa mimi. Miaka yote hiyo wengine wamekuwa wakisema ni wa dada, wifi ni wa dada, kiti ni cha dada, jina la mtoto ni la dada, na mimi nimekaa kimya kwa sababu kukaa kimya kulikuwa ndiyo mali yangu ya mwisho. Sasa nitamke kwa kinywa changu, kwa sauti, mbele ya nchi mbili. Nilimchukia dada kwa kiasi ambacho nilishangaa kimetoshea kwenye gauni.

"Ni zake," nikasema.

"Wote?"

"Zote. Na zile zilizokuja kabla ya hizi pia ni zake. Uliza mtu yeyote."

Askari akaridhika, au alichoka. Alisema kama ni wake basi awapeleke kwake sasa hivi, na asiwaone tena karibu na jiwe mpaka serikali zielewane. Pikipiki ikaondoka. Shemeji na vijana wakaanza kuwaswaga ng'ombe kuelekea lile bati, na wa kwetu wakageuka kwenda nyumbani wakizungumza wote kwa pamoja, maana ng'ombe wameshapakwa, wameingia kwa mila, kwamba zizi watakalolala ni la ng'ambo ni habari nyingine. Mimi nilibaki. Dada alikuwa bado ameshika bakuli. Alilirudisha juu ya jiwe.

Nikamwambia kwa Kikuria, ili anielewe sawasawa, "Sasa umefurahi. Zote zako."

Alitazama nyuma, kuona shemeji amefika wapi. Akavuta barakoa chini. Kwenye taya, karibu na sikio, palikuwa na alama ya zamani kidogo, imegeuka rangi ya majani makavu. Sikuhitaji kuelezwa, lakini alinieleza.

"Nimetaka kurudi nyumbani zaidi ya mara moja," akasema. "Mama ananiambia ukirudi, ng'ombe warudi. Ng'ombe ndio hao, wamekuwa wifi yako na watoto wake. Nirudishe nani? Wewe ukigombana na mwalimu unapanda gari. Nasikia mama anakupikia uji. Mimi huwa nasimama hapa, kwenye jiwe hili, naona moshi wa jiko la mama, nasema leo mdogo wangu yuko pale na kikombe chake."

Shemeji akamwita kutoka mbali, "Mama, twende," kwa ile sauti yake nzuri. Akapandisha barakoa, akaenda.

Nilirudi Kosele na ugonjwa mpya. Nilikuwa nimezoea kumwonea dada wivu kwa vitu nilivyoviona. Sasa ikanibidi nijifunze kwamba naye alikuwa akinionea mimi, na kwa kitu ambacho ningekigawa bure, na jambo hilo halikunipa raha yoyote. Nilidhani siku dada akinionea wivu nitaua jogoo. Nilishona sketi za shule nikalia juu ya kitambaa.

Mpaka ulipofunguliwa ng'ombe walirudi, na vibali vyote, na ndama wawili juu. Binti alishazaa. Nilikwenda Kehancha siku hiyo bila kugombana na mtu, nikamkuta kaka zizini, nikamwambia yale niliyoambiwa kwenye jiwe na niliyoyaona kwenye taya. Hakuwa anajua. Mama alikuwa anajua, akakaa nayo kama anavyokaa na mengine. Kaka ni mtu wa maneno machache. Mwanawe alikuwa anawategemea ng'ombe hao ili naye aoe, na ni haki yake, lakini kaka aliwahesabu kwa macho, akatenga wengi kama wale waliomwolea yeye, akasema hawa hawatoki. Hawa ni wa kumtoa dada kwa mumewe. Nikasimama pale na hasira zangu. Hata kutoka kwake kumewekewa ng'ombe, nikawaza. Mimi nikitoka natoka na mfuko wa nailoni.

Dada alikaa muda mrefu bila kuwatumia. Watoto, mashamba, aibu, sijui. Ni mwaka huu ndipo alipokuja. Hakuja kwa sherehe. Alikuja na begi kubwa na mtoto wake wa mwisho, na kanga mbili zimefungwa pamoja kuwa mzigo. Mimi nilikuwa kwa mama tayari, kwa sababu mwalimu alikuwa amekataa kunijibu tena.

Na unajua mambo yalivyo sasa. Wameanza tena. Mara wa kwao wanasema mgeni asifanye biashara ndogo ndogo, mara wa kwetu wanalalamika, mara watu wanarudishwa mpakani, mara mazao yanazuiwa, mara mifugo. Kaka ameomba kibali cha kuwavusha ng'ombe wa kumrudishia shemeji, akaambiwa angoje hali itulie. Ng'ombe hawajavuka, kwa hiyo kwa mila dada bado ni mke wa mtu. Shemeji hutuma ujumbe wa adabu kila wiki, anaomba mke wake, na akitaka kuja kumchukua ana haki ya kuja. Mwalimu wangu ameacha kutetea serikali yoyote. Anapiga simu kila jioni kuuliza kama kibali kimetoka, na nikimwambia bado, hujibu kwa maneno mengi kuliko aliyonijibu mimi katika ndoa yote.

Asubuhi ile ya kwanza mama aliinjika uji. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu karibu na jiko, na dada akakaa kwenye gunia, mtoto wake amelala mapajani. Mama alifikia juu ya kabati, akashusha kikombe cha bati chenye ua jekundu, akakisuuza. Nikanyoosha mkono kama nilivyozoea. Akakipitisha mbele yangu, akampa dada.

Niliona wivu. Wivu wa kitoto, wa kutaka kukipiga teke. Dada alikishika kwa mikono miwili na hakunywa, alikuwa anaangalia ule mvuke tu.

"Naomba sukari," akasema.

Nikamsogezea.